Maua Sita ya Mama Mkwe

Chaka-chaka. Kimya. Kisha tena, chaka-chaka.

Sauti ilitoka kwenye kitanda cha mtoto. Saa mbili asubuhi ilikuwa imeshapita, lakini dirishani bado giza totoro. Kwetu Tallinn mwezi wa Desemba jua halina haraka na mtu. Nililala nikisikiliza mpaka nikatambua: ni kiberiti kinatikiswa.

"Kertu, unafanya nini na kiberiti?"

"Nasikiliza kama njiti zinatosha."

"Zinatosha?"

"Za baba wa makaburini zinatosha." Akakitikisa kiberiti tena. Ana miaka mitano, na akitikisa hivyo najua kuna jingine linakuja. "Lakini mama, baba wa Ufini akija leo tukiwa hatupo, nani atamfungulia mlango?"

Niliamka, nikawasha jiko la matofali, nikakaa mbele yake mpaka kuni zikashika. Kuna maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu na miguu baridi.

Baba wa Kertu ni mmoja. Jina lake Ülar. Alikuwa akivuka bahari kwenda kufanya kazi katika bandari moja ya Ufini, kama nusu ya wanaume wa mtaa wetu wa Kopli, na miaka miwili iliyopita, mwezi wa Novemba, aliteleza kwenye gati usiku wa barafu. Maji yalikaa naye siku kumi na moja. Jeneza lilirudi limefungwa, na karatasi ya kusema lisifunguliwe. Nilitii. Mama yake alikataa.

"Sanduku lililofungwa ni sanduku tu," alisema. "Mwanangu simwoni humo."

Hakuja mazikoni. Tena tangu siku ile Mama Leida hajatoka nje ya kuta za mji mkongwe. Si maneno ya kutia chumvi. Ana duka la mkate ndani ya kuta, ana duka la dawa, ana kanisa, na makaburi yote yako nje. Anazunguka humo humo kama maji ndani ya birika. Krismasi iliyopita nilikwenda kumgongea. Alinisikia nikisema "kaburini", akafunga mlango.

Ila kila Jumapili hupiga simu kwa jirani yangu na kuomba kuongea na Kertu. Nilifurahi, nasema kweli. Niliona mtoto amepata bibi, hata kama mimi sijapata mkwe. Sikuuliza wanaongea nini. Mpaka mwezi uliopita, nilipomkuta Kertu anamwambia mdoli wake, "Baba ana kazi nyingi huko Ufini, Bibi amesema atakuja Krismasi."

Basi hapo nikaelewa nilichokilea. Mimi nampeleka mtoto kaburini, nampa mshumaa, namwambia baba amelala hapa. Bibi yake anamwambia baba yuko njiani. Na mtoto, kwa kuwa anatupenda wote wawili, ameamua kutuamini wote wawili.

Leo ilikuwa mkesha wa Krismasi, siku ambayo kila mtu kwetu huenda makaburini kuwasha mishumaa kabla ya chakula cha jioni. Niliapa mbele ya lile jiko: leo Mama Leida atatoka nje ya lango na kwenda nasi, au leo nitamwambia asimpigie mtoto simu tena. Niliogopa yote mawili. La pili niliogopa zaidi.

Tulishuka kwenye tramu karibu na stesheni. Muuza maua alikuwa bado yupo, mama mnene aliyejifunga mitandio mitatu, na maua yake ndani ya sanduku la kioo lenye mshumaa unaowaka ili yasigande.

"Ya mchumba?" aliniuliza.

"Ya mama mkwe."

"Loo! Basi chukua kumi na tatu, na bado hayatatosha!" Akacheka mpaka mitandio ikatikisika.

"Saba yatatosha, mama. Ya waridi, meupe."

Akayahesabu kwa sauti, moja moja, akinionyesha kila moja, maana kwetu jambo hilo halina mzaha. Aliye hai anapewa maua ya hesabu isiyogawanyika: moja, tatu, tano, saba. Mawili, manne, sita ni ya maiti. Hata mlevi anayemnunulia mkewe maua ya kuomba radhi huhesabu mara mbili.

"Saba," alisema, akayafunga kwa karatasi nene juu mpaka chini. "Ya mtu aliye hai. Krismasi njema, dada, na Mungu akulainishie huyo mama."

Kertu akataka kuyabeba. Nikamwachia, mkono mmoja nilikuwa na mfuko wa mishumaa, na mwingine chombo cha kabichi na soseji za damu nilizozipika jana. Tukakata kupitia bustani, minara ya ukuta imesimama mbele yetu na kofia zake nyekundu zimejaa theluji. Chini ya lango barafu ilikuwa kama kioo. Kertu akateleza, akaanguka kifudifudi juu ya maua.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Goti?"

"Hapana, mama."

Nilitazama karatasi, nikaona haijapasuka. Nikaipangusa theluji, nikamrudishia. Kuanzia pale hakusema neno, na mkono wake mmoja ulikaa mfukoni. Nikadhani ni goti.

Nyumba ya Mama Leida imeegemea ukuta wa mji, au niseme ukuta ndio unaoishikilia. Jikoni kwake hakuna plasta upande mmoja. Ni mawe yenyewe ya ukuta, makubwa, ya kijivu, na amepigilia misumari hapo akatundika masufuria. Hana woga nayo. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kikosi cha kukarabati kuta hizi, kupanda jukwaa na ndoo ya chokaa, kiangazi na vuli. Vidole vyake mpaka leo vina mipasuko isiyofunga.

Mlango ulifunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Likaonekana jicho moja.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Ni Airi. Nimekuja na Kertu."

Mnyororo ukaanguka.

"Ingieni, mnaniingizia baridi. Kertu, mjukuu wangu, umerefuka! Mama yako anakupa nini, ngazi?" Kisha kwangu, bila kunitazama, "Vua viatu."

Penye mlango palikuwa na jozi mbili za ndara. Jozi moja ni yake. Nyingine ya sufu, kubwa, ya mwanamume, imepangwa vizuri visigino ukutani. Kertu, kama mtoto yeyote, akaingiza miguu ndani ya zile kubwa na kuanza kuburura.

"Vua hizo!" Mama Leida alisema kwa sauti iliyotufanya sote tushtuke, naye mwenyewe pia. Akapunguza. "Ni za baba yako, mpenzi. Akija atavaa nini?"

Kertu alinitazama mimi. Akazivua, akazirudisha visigino ukutani.

Nikaweka chombo cha kabichi mezani, tukakaa jikoni. Chai, biskuti za tangawizi, machungwa madogo kwenye sahani. Mama Leida akaweka vikombe akinipima kwa pembeni ya jicho.

"Bado unasoma ile shule ya jioni? Watu wazima na midevu yao wanaimba alfabeti?"

"Nilimaliza mwezi wa tano, Mama. Nimepata cheti cha sekondari."

"Haya. Na nani alikaa na mtoto?"

"Jirani. Na siku nyingine alikaa darasani, chini ya dawati langu, na penseli za rangi."

"Chini ya dawati!" Alitikisa kichwa, lakini niliona kitu kimelegea mdomoni mwake. "Ülar alikaa chini ya jukwaa langu. Ndani ya toroli la chokaa. Tulimfunga kwa kamba kama mbuzi." Akamsogezea Kertu chungwa. "Baba yako huyo. Akija nitamwambia akuonyeshe..."

"Mama," nilisema.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwenye tramu. Ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, kama insha. Yote ikapotea.

"Mama, usimwambie hivyo. Nakuomba. Mtoto hawezi kuwa na baba wawili, mmoja kaburini na mwingine njiani. Leo asubuhi ameniuliza nani atamfungulia mlango. Nimekuja kukuomba twende wote. Saa hii, na treni ya saa nane. Twende ukamwashie mwanao mshumaa."

Alisimama. Nilifikiri atanifukuza. Badala yake akachukua jagi la udongo, akalijaza maji, mgongo kanigeuzia.

"Umekuja kunizikia mwanangu jikoni kwangu," alisema. "Na maua umeniletea. Ahsante. Nitayaweka kwenye maji, halafu mtakunywa chai, halafu mtakwenda."

Akafungua karatasi.

Sikuyahesabu. Niliona mgongo wake umeacha kusogea. Maji ya bomba yalikuwa yanaendelea kutiririka, wala hakuyafunga.

"Sita," alisema.

"Saba, Mama."

"Mimi kuhesabu mpaka saba sikuhitaji shule ya jioni." Aligeuka. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa hivyo. "Sita! Mkesha wa Krismasi, unaniletea maua ya jeneza mpaka mezani. Umeona mdomo haukutoshi. Ulitaka nielewe kwa lazima? Haya, nimeelewa! Au ni yangu mimi? Unanihesabia siku?"

"Mama, haki ya Mungu niliyahesabu! Muuza maua naye aliyahesabu! Saba!"

"Toka."

Nikasimama. Nikatafuta koti kwa macho yasiyoona. Hapo ndipo Kertu alipotoa mkono mfukoni na kuufungua juu ya meza. Katikati ya kiganja palikuwa na kichwa cha waridi jeupe, bila kikonyo, kimepondeka, petali zimegeuka kahawia pembeni kwa joto la mkono.

"Ni mimi," alisema. "Nilianguka juu yake. Likakatika, nikalichomoa kwenye karatasi; kikonyo nikakitupa, ua nikalificha. Samahani, Bibi. Sikutaka ufe."

Mama Leida alitazama kile kiganja.

"Sifi, mpenzi," akasema taratibu. "Ua halimuui mtu."

"Usife," Kertu akasema, sasa analia bila sauti, machozi tu. "Ukifa wewe, mama ataniambia umekufa. Na nani ataniambia umekwenda Ufini?"

Bomba liliendelea kumwaga maji. Nikaenda kulifunga, maana ndilo jambo pekee nililoweza kufanya.

Mama Leida alikaa kwenye kiti. Hakukaa kama mtu anayekaa, alishuka, kama mfuko wa chokaa unaposhushwa begani. Alimvuta Kertu katikati ya magoti yake, akampangusa uso kwa aproni, kwa nguvu kidogo, kama anavyopangusa meza. Alifanya hivyo muda mrefu kuliko machozi yalivyokuwa.

"Nimekutwika mzigo, mjukuu wangu," alisema mwishowe. "Mtu mzima kama mimi. Nimeutua mzigo wangu juu ya mtoto."

Akachukua kile kichwa cha waridi, akakiweka kwenye sahani ndogo ya maji, kikaelea. Kisha akayatazama yale mengine yaliyolala kwenye karatasi.

"Sita hayawezi kulala katika nyumba ya mtu aliye hai," alisema. "Na ua zima halitupwi. Yapeleke wewe, Airi."

"Mikono yangu imejaa, Mama. Nina mishumaa, nina Kertu."

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Alilijua hilo. Tulitazamana, labda kwa mara ya kwanza tangu niolewe na mwanawe, na nikaona ana macho ya Ülar: kijivu, na kidoa kimoja cha rangi ya asali katika jicho la kushoto. Sikuwahi kukaa karibu hivyo.

"Ulikuwa mjanja hivyo siku zote," akauliza, "au ni hiyo shule?"

"Ni shule, Mama."

Akapumua kwa pua. Si kicheko, lakini kilikuwa jirani yake.

Alivaa koti lake zito, kofia, kitambaa juu ya kofia. Alikunja karatasi upya juu ya maua, kona kwa kona. Mlangoni alisimama mbele ya zile ndara kubwa. Nilidhani ataziinua, nikageuza uso. Niliposikia mlango unafunguka, alikuwa amezivuka, na zilikuwa bado pale pale, visigino ukutani.

Tulikwenda polepole kwa sababu ya barafu. Moshi wa kuni ulikuwa umeshuka chini barabarani, na madirishani watu walikuwa wanapanga mishumaa. Mama Leida alitembea upande wa ukuta. Tulipofika langoni, akasimama.

Niliogopa kumshika mkono, niliogopa kutomshika. Alivua glavu moja, akaweka kiganja juu ya jiwe, ndani kabisa ya upinde wa lango.

"Hapa palikuwa na ufa wa kuingia ngumi," alisema. "Mwaka wa sitini na nane. Mvua wiki tatu, chokaa haikauki. Msimamizi ananiambia, Leida, shuka, tumbo lako limekuwa kubwa kuliko ndoo. Nikamwambia nitashuka nikimaliza huu mstari." Alitia kucha katika kiungo cha mawe, akakwaruza. Haikutoka hata chembe. "Bado inashika."

"Ulimaliza mstari, Bibi?" Kertu akauliza.

"Nilimaliza. Na usiku ule baba yako akazaliwa."

Akavaa glavu. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama majini, akaupita upinde. Hatua nne tu, nilizihesabu. Upande wa pili alisimama kwenye theluji ya bustani, akageuka kuutazama ukuta kutoka nje, kama anayetafuta dirisha lake.

Karibu na stesheni muuza maua alikuwa anafunga sanduku lake. Alituona, akaona karatasi yake mikononi mwa Mama Leida, imelegea juu, vichwa vyeupe vinachungulia. Macho ya wauza maua yana haraka.

"We dada! Si nilikuhesabia saba?" Akapiga kifua. "Sita! Jamani, moja limekatika njiani. Mama, lete hapa, nikuongezee moja, bure kabisa. Mkesha wa Krismasi huwezi kutembea na sita mkononi, watu watakufikiria vibaya."

Tayari alikuwa amechomoa ua kutoka kwenye sanduku. Nilimtazama Mama Leida. Mtu angeweza kulipokea tu lile ua na kushukuru, na tungekuwa watu watatu wanaotembea na zawadi.

"Acha, mwanangu," Mama Leida alisema. "Yametimia. Ni ya kijana wangu."

Muuza maua alirudisha ua lake. Alishusha mitandio yake yote mitatu mpaka shingoni, baridi ile, akainamisha kichwa mpaka tulipompita.

Ndani ya treni kila mtu alikuwa na mfuko wa mishumaa. Mama Leida alikaa dirishani. Nyumba zilizojengwa katika miaka hii miwili alizitazama bila kuuliza. Mahali fulani, kati ya kituo na kituo, alisema bila kunigeukia, "Alikuwa na viatu?"

"Alivaa, Mama. Vile vyeusi vya harusi. Nilivituma Ufini, nikawaomba wamvalishe kabla ya kufunga jeneza."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Baadaye kidogo aliweka mkono wake, wenye ile mipasuko, juu ya mfuko wa mishumaa uliokuwa mapajani mwangu, tukaubeba wote wawili mpaka kituo cha Rahumäe, penye makaburi.

Mwanga ulikuwa unaondoka tulipofika. Chini ya misonobari theluji iliwaka njano kwa maelfu ya mishumaa, familia kwa familia, watu wanaongea kwa sauti ya chini, wanapokezana viberiti. Kila mtu alijua aendako. Mama Leida peke yake alisimama njia panda, maua kifuani, akitazama kushoto, akitazama kulia, kama mgeni katika mji ambao lugha yake haijui. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Wapi?" aliniuliza.

Nilifungua mdomo nimwelekeze. Mwaka mzima nilikuwa nimemtafutia mwanamke huyu neno moja la kweli, na sasa ameliomba mwenyewe, sina hata sauti ya kumpa.

Kertu aliuachia mkono wangu. Akatangulia kati ya makaburi, akapita safu mbili, akapiga magoti, akafuta theluji kwenye jina kwa glavu yake, akageuka. Na akasema kwa sauti, hata watu wa kaburi la jirani wakainua vichwa:

"Bibi, baba yuko hapa."